Sufuria Iliyovaa Koti

Mkono wa Tamo Wahnish ulivunjika kwenye ngazi za nyumba yake mwenyewe, ngazi alizozisugua tangu alipoletwa hapo bibi harusi. Mvua ilikuwa imenyesha, akateleza, basi. Akafungwa plasta kutoka vidoleni mpaka kwenye kiwiko, na daktari akamwambia asinyanyue hata kikombe. Kijiji kilipopata habari, watu hawakuuliza kwanza kama anaumwa. Waliuliza, "Sasa skhina ya Shlomo atapika nani?"

Hawakuwa na ubaya. Kila mwaka, Sabato iliyo karibu na siku aliyofariki mumewe, Tamo aliwalisha skhina watu wote wa sinagogi baada ya sala ya asubuhi. Ngano, dengu, viazi, nyama yenye mfupa, tende chache za kutia utamu, na mayai na maganda yake, yanayolala humo usiku kucha mpaka yanageuka rangi ya udongo. Sufuria hutelekwa mchana wa Ijumaa. Moto hushushwa, hufunikwa kwa bati, na hakuna mkono unaougusa tena mpaka kesho yake watu watoke kusali na njaa zao. Siku ya Sabato moto hauwashwi wala hauzimwi. Unaukuta ulivyouacha.

Tamo aliwajibu wote neno moja. "Atapika mkamwana wangu."

Waliomsikia walisema vizuri, vizuri, kisha wakatazama pembeni. Jioni ile ile wifi yake alivuka barabara.

Freha alikuwa dada wa marehemu Shlomo. Mwanamke mnene, mwenye sauti ya kuita mbuzi kilima cha pili, na mwenye huruma pia. Alimuuguza kaka yake zamu kwa zamu na Tamo mpaka mwisho. Alikaa bila kukaribishwa.

"Wifi, nimesikia neno. Nikasema haya ni maneno ya watu, wifi yangu ameanguka mkono, hakuanguka kichwa."

"Umesikia sawasawa."

"Avigail?"

"Avigail."

"Yaani Galina."

"Jina lake ni Avigail, Freha. Ulikuwepo siku anapewa."

"Nilikuwepo, nikala keki. Keki haikunipofusha macho."

"Torati imekataza kumkumbusha mtu aliyeingia dini yetu alikotoka."

"Simkumbushi yeye, yeye hayupo hapa. Nakukumbusha wewe." Freha alivuta bakuli la lozi karibu. "Wifi yangu, mimi simchukii yule binti. Ana adabu, anafagia, mwanao ameshiba. Lakini Uyahudi si shela, leo umelivaa, kesho umelivua. Mtu anazaliwa nao, kama pua. Sisi kule milimani Moroko tulijuana mpaka babu wa saba. Yeye babu yake nani?"

"Babu yake mzaa baba alikuwa Myahudi. Unajua."

"Mzaa baba! Na mama?"

"Mama hapana. Ndiyo maana akasoma, ndiyo maana akaingia majini mbele ya marabi. Ulitaka afanye nini tena, azaliwe upya kwa tumbo lako?"

"Angefanya vizuri. Angekuwa na nyonga za kupikia."

Tamo alicheka, asitake. Kisha akasema, "Na Ruthu Mmoabi je? Mfalme Daudi tulimpata kwenye uzao wa nani?"

"Ah! Kila anayetaka kuoa nje anatuletea Ruthu. Ruthu alikuwa mmoja, na alikuja kwa miguu. Hawa wanashuka kwa ndege."

"Baba yake Ibrahimu alikuwa fundi wa sanamu. Tukianza kupekua wazazi wa watu tutafika huko."

Freha alitafuna lozi, akasimama. "Basi. Apike. Mimi nitakula zeituni zangu na mkate." Mlangoni akageuka. "Na si mimi peke yangu, wifi. Usije ukasema hukuambiwa."

Tamo alijua si yeye peke yake. Ndipo habari yenyewe ilipokuwa.

Sikukuu ya Purimu iliyopita, Avigail alipeleka kuskusi kwenye ukumbi, kuskusi aliyofundishwa na Tamo mwenyewe, iliyopepetwa vizuri, isiyo na donge. Freha alisogeza sahani yake pembeni kwa kidole kimoja. Mwanamke aliyekaa karibu naye akasogeza yake, na wa pili, na wa tatu, huku wakimtabasamia msichana na kumwuliza habari za kazi. Avigail alirudi na sinia bado limejaa karibu lote. Aliliweka mezani kwa Tamo, akafungua bomba, akaosha vijiko ambavyo havikuwa vimetumika.

"Hawanichukii, Mama," alisema. "Mtu akikuchukia unajua pa kusimama. Hawa wananisogeza pembeni kama sahani. Kule Saratov, shuleni, waliniita Myahudi na kunivuta nywele. Hapa naitwa Mrusi. Nikifa, malaika watanitafuta kwa jina gani?"

"Wataniuliza mimi," Tamo alisema. "Nitakuwa nimetangulia."

Lakini maneno hayo hayakumzuia Nissim, mwanawe, kutafuta kazi kaskazini. Aliipata Nahariya, kwenye karakana, pamoja na nyumba ya kupanga karibu na bahari. Alimwambia mama yake bila kumtazama usoni. "Avigail amesema tungoje kumbukumbu ya Baba. Wakila kutoka mkononi mwake, tutabaki. Wakisogeza sahani tena, Mama, tunaondoka. Sitaki mtoto wangu azaliwe mahali ambapo mama yake ni mpita njia."

Tamo alikuwa na mtoto mmoja tu aliyebaki nchini. Wengine walikuwa ng'ambo, wakipiga simu kabla ya sikukuu. Usiku ule alisali sala yake ya kulala, akaongeza maneno yake mwenyewe mwishoni, mafupi. Hakumwomba Mungu abadilishe mioyo ya watu. Alimwomba ampe macho ya kuona wakati ukifika.

Rabi Makhluf alipomkuta njiani akamwuliza kama ana hakika na mpango wake, alimjibu, "Rabi, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi nimempa mwiko."

Rabi akacheka mpaka ndevu zikacheza. "Mwiko unatosha, Mama Nissim. Nitaleta njaa yangu."

Ijumaa ilikuja na mvua ya upepo, ile ya huku kusini inayokuja mara chache na ikija haina adabu. Tangu asubuhi Avigail alikuwa kwenye jiko la sinagogi, chumba cha nyuma chenye dirisha moja na ukuta mmoja unaopakana na pale wanaume wanaposali. Tamo alikaa kwenye kiti, plasta yake magotini, akitoa amri.

"Ngano ifunge kwa kitambaa. Usiikaze, itavimba."

"Hivi?"

"Legeza. Hivyo. Tende usizidishe, Shlomo hakupenda iwe tamu kama jamu."

"Mayai juu au chini?"

"Kwanza juu, baadaye yatatafuta njia yake yenyewe. Kama watu."

Ilipofika mchana sufuria ile kubwa, inayotumika kwa harusi, ilikuwa juu ya jiko la gesi, ikitokota polepole. Alasiri kila kitu kilikuwa kimeiva. Kilichobaki ni ule moto mdogo wa kukaa nao usiku. Avigail akalaza bati juu ya moto, akairudisha sufuria, wote wawili wakaenda nyumbani kuoga na kuwasha mishumaa yao.

Mishumaa ikawaka. Avigail alifunika macho kwa viganja, midomo ikicheza, akakaa hivyo kwa muda mrefu kuliko kawaida. Tamo hakuuliza alichoomba.

Walitoka pamoja kwenda sinagogi, Tamo na fimbo yake, msichana akimshikia mwavuli. Mvua ilikuwa imekatika. Upande wa magharibi kulikuwa na ukanda mmoja mwekundu chini ya wingu, nao ukafifia wakiutazama, na jua likawa limetua. Kutoka ndani zilisikika sauti za wanaume wakiimba kuikaribisha Sabato.

"Pitia jikoni tu, Mama, ninuse," Avigail alisema. "Sitaweza kusali kabla sijanusa."

Mlango wa jiko ulikuwa wazi nusu. Ndani, taa iliyoachwa inawaka tangu mchana, na chini yake Freha, amepiga magoti mbele ya jiko la gesi akiwa amevaa koti lake jipya la sufi, lile la rangi ya divai alilonunua kwa ajili ya harusi ya mjukuu. Sufuria ilikuwa imesogezwa. Sakafuni kulikuwa na njiti za kiberiti zilizolowa, nyingi, zimetupwa huku na huku.

Hapakuwa na moto.

Freha aligeuka. Tamo hakuwahi kuuona uso ule tangu walipotoka makaburini kumzika Shlomo.

"Wifi," alisema, na sauti yake ya mbuzi haikuwepo. "Wifi, nilitaka kuzima na kuwasha tu. Mara moja. Nilisema nitazima moto wake niwashe wangu, mkono wa binti wa Wahnish, na watu wote watakula, na mimi nitakula, na hakuna atakayejua wala kuumia. Nilitaka wema. Kiberiti kilikuwa mfukoni, mvua ikaingia mfukoni. Njiti haishiki. Haishiki! Nikakimbia kwa jirani, amekwishawasha mishumaa ya Sabato, hataki kugusa kiberiti. Nikarudi, na jua..." Akaonyesha dirisha.

Tamo alimwelewa vizuri. Chakula kilichopikwa kwa moto wa mtu wa nje, wazee hawakukila. Lakini Myahudi akiwasha moto kwa mkono wake, neno limekwisha. Ndivyo mama zao walivyofanya kule milimani mjakazi wa Kiberberi aliposaidia kupika. Freha alikuwa amekuja kumfanyia Avigail alichofanyiwa mjakazi, kwa siri, kwa upole, na kwa ajili ya kaka yake. Tena sufuria ilikuwa imeiva tangu alasiri! Moto mpya ungemfaa nani?

"Umeizima skhina ya Shlomo," Tamo alisema.

"Usiniambie. Najua."

Avigail alikuwa bado mlangoni na mwavuli mkononi. Freha alimtazama. Kisha akatazama jiko. Kisha akamtazama tena, na Tamo akaona wazo likiingia usoni mwake kama mtu anayeingia chumba alichokatazwa.

"Binti," Freha alisema taratibu. "Unaona jiko limezimika."

"Naona, Shangazi."

"Kuna baridi humu."

"Ndiyo, kuna baridi."

"Watu watakula baridi kesho. Watu wazima. Wazee." Freha alilamba midomo. "Pale rafuni kuna kiberiti kingine kikavu. Mimi siwezi kukigusa, nilikiona jua limeshatua. Sikuambii ukiguse. Nasema tu kwamba kipo."

Hakuna aliyekulia pale asiyejua maneno yale ni maneno gani. Ndivyo anavyosemeshwa jirani asiye Myahudi siku ya Sabato. Humwambii, "Niwashie." Unamwambia kuna giza, kuna baridi, naye kwa hisani yake ananyoosha mkono. Na saa ile, kati ya kutua kwa jua na nyota kutokea, mtu akiwa na shida kubwa, wazee walilegeza hata zaidi. Ruhusa ilikuwepo, lakini kwa mtu wa nje tu.

Tamo naye alikitazama kiberiti rafuni. Aliona meza za kesho zimetandikwa. Aliona sahani zikisogezwa pembeni, na gari la Nissim limepakiwa magodoro. Njiti moja tu, na moto ungerudi, na watu wangekula, na nani angejua? Mungu alimwona akiyafikiri hayo. Hakujificha.

Avigail aliweka mwavuli chini.

"Shangazi, kiberiti nimekiona. Mimi ndiye niliyekiweka." Hakupandisha sauti. "Na mimi pia nimeliona jua likitua."

"Kwako si dhambi, mwanangu. Wewe..."

"Mimi nini?"

Freha aliinamisha macho kwenye njiti zilizolowa.

"Kama kwangu si dhambi," msichana alisema, "basi mishumaa niliyowasha sasa hivi ni mishumaa ya kukatika umeme. Na Nissim ameoa mpita njia. Na hiki kilichomo tumboni mwangu ni cha nani?" Aliweka kiganja pale. Tamo alikuwa anajua. Freha alikuwa hajui. "Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga, Shangazi. Mimi niliyavulia zote. Sikubakiza hata pete. Siwashi."

"Hata kwa Shlomo?"

"Hata kwa Baba. Nakaa kwenye baridi hii hii pamoja nanyi."

Ndipo ukuta ukaanza kusema. Wanaume upande wa pili walikuwa wamemaliza nyimbo, wanasoma kwa haraka yale mafundisho ya kila Ijumaa jioni kuhusu taa za Sabato, utambi gani unafaa na mafuta gani hayafai. Wanawake wa pale waliyasikia tangu utotoni kupitia kuta na mapazia, kama mtu anavyosikia mvua. Sauti ya Rabi Makhluf ilikuwa juu ya zote. Walifika mwisho wa fungu, pale panapotaja saa ya utusiutusi, si mchana tena wala si usiku bado, ni nini kimekatazwa na ni nini kimeruhusiwa. Kuwasha, hapana. Kukifunika chakula cha moto kisipoteze joto lake, ruhusa.

Avigail na Tamo walitazamana.

"Bado ni ya moto?" Tamo aliuliza.

Msichana aliugusa mfuniko, akaondoa vidole upesi. "Inaunguza!"

"Basi vua koti! Nyota hazijatoka! Freha, simama, magoti utapiga siku nyingine. Mama yangu alifanya hivi kwa blanketi la punda."

Avigail alivua koti lake, akalizungusha sufuriani. Halikufika. Tamo alivua shali lake kwa mkono mmoja akitumia meno, Avigail akalitupia juu ya mfuniko. Bado ubavu mmoja ulikuwa wazi, na mvuke ulikuwa unatoka hapo taratibu kama roho ya mtu.

Walimtazama Freha. Freha alilitazama koti lake la rangi ya divai.

"Ni sufi tupu," alisema. "Halijafika hata harusini."

"Sufi tupu ndiyo inayotakiwa," Tamo alisema.

Freha alifungua vifungo. Alilivua, akalishika kama mtoto mchanga, kisha akalizungusha kwenye sufuria mwenyewe, akalikaza, akafunga mikono yake kifuani pa sufuria. Avigail alishika upande wa pili. Waliinamiana hivyo, vichwa vikikaribia kugusana, mpaka kila upenyo ukazibwa. Dirishani nyota ya kwanza ilikuwa imetoka.

"Una mimba ya miezi mingapi?" Freha aliuliza bila kuinua kichwa.

"Michache."

"Na unainama hivi? Toka hapo. Toka! Wewe wifi nawe unamtazama tu, kama uko sinema."

Usiku ule Tamo hakulala sana. Si kwa mashaka juu ya msichana. Hayo alikuwa hana, na tangu pale jikoni alikuwa na hakika ya kuweza kuilalia kama mto. Alikuwa anajiuliza habari ya sahani. Binti alikuwa amefanya la kwake. Watu walikuwa bado.

Kesho yake, sala ilipokwisha, watu waliingia ukumbini wakisugua mikono. Divai ilibarikiwa, mkate ukakatwa. Avigail alifungua makoti moja moja na kuanza kupakua. Harufu ilikuwa ile ile, ya tende na mfupa na ganda la yai. Watu walifumba macho kuinusa. Kisha wakatia mdomoni.

Haikuwa baridi. Haikuwa ya moto pia. Ilikuwa vuguvugu, kama maji ya kuogeshea mtoto.

Mzee Maimon, aliyekuwa muuza samaki na hakuwahi kujifunza kunong'ona, aliweka kijiko chini. "Skhina ina mafua!" akasema, watu wakacheka. "Nani kaipika? Ah. Nimekumbuka. Huko kwao kila kitu ni barafu, amesahau kwamba sisi moto hatuuachi ufe."

Kicheko kikaendelea kidogo, kisha kikawa kitu kingine. Mwanamke mmoja alisogeza sahani. Haikwenda mbali, upana wa kiganja tu. Nissim alianza kusimama, shingo nyekundu, na Tamo aliona mkono wa Avigail ukishuka juu ya mkono wa shati lake na kubaki pale. Msichana alitikisa kichwa. Angeweza kusema. Neno moja tu, "Muulizeni Shangazi," na aibu yote ingehamia meza ya pili. Lakini kumtia mtu haya mbele ya watu ni kama kumwaga damu yake, na yeye alikuwa amejifunza hivyo, akaamini alichojifunza.

Tamo naye alinyamaza, kwa sababu hiyo hiyo. Alifanya alilopewa kufanya: alitazama. Alimtazama Freha, aliyekaa na zeituni zake na mkate, kama alivyoahidi. Alimtazama mpaka Freha akauweka mkate chini.

Kiti kikaburuzwa.

"Maimon," Freha alisema, na ile sauti ya kilima cha pili ilikuwa imerudi. "Tia yai mdomoni unyamaze. Moto nimeuzima mimi."

Ukumbi mzima ukageuka.

"Mimi! Dada wa Shlomo. Nilitaka kuuwasha upya kwa mkono wangu, maana mkono wangu ni wa ukoo. Kiberiti kikalowa, jua likatua. Ndipo huyu akaingia. Nikamwambia, binti, jiko limezimika, kuna baridi humu." Hakuhitaji kueleza; nyuso za wazee zilikuwa zimeshaelewa na zimeshaona haya. "Nikamwonyesha kiberiti kilipo. Nikamsukuma mara ya pili. Nikamtajia marehemu. Mnajua alinijibu nini? Siwashi. Skhina ya marehemu ipoe, sinagogi zima mle kama paka, mimi mwenyewe nilie, yeye hawashi."

"Freha..." Rabi Makhluf alianza.

"Rabi, wewe una kila Sabato ya mwaka. Nipe hii moja." Watu wakacheka, safari hii kwa hofu kidogo. "Musa alituita watu wenye shingo ngumu. Mimi nimezaliwa kwa watu hawa, nimeolewa kwa watu hawa, nimewazika. Shingo ngumu kama ya binti huyu sijaiona tangu baba yangu. Hiyo haifundishwi darasani na haipatikani majini. Hiyo ni yetu. Mlango alioingilia siujui, lakini yumo ndani, tena amekaa, na kumwondoa hamwezi. Mimi nimejaribu."

"Mlango ni ule ule," Rabi Makhluf alisema polepole. "Pale chini ya mlima wa Sinai, nani kati ya mababu zetu alizaliwa na Torati? Sote tulisema ndiyo siku moja."

"Hata hayo ungeniachia niseme mwenyewe," Freha alisema, akaketi. Kisha akaisukuma sahani ya zeituni mbali, akanyoosha sahani tupu kuelekea kwenye sufuria. "Binti. Nitilie. Na yai. Lile jeusi jeusi."

Avigail alimtilia. Freha alivunja yai mezani, akalimenya, akaliuma, akatafuna watu wote wakimtazama mdomo.

"Ina mafua," alisema. "Lakini ndugu yangu angeila."

Mwanamke yule alivuta sahani yake karibu. Vijiko vikaanza tena, kimoja, kisha vingi, na Mzee Maimon akaomba nyongeza kabla hajamaliza ya kwanza, akisema kwamba ikiwa ni hivyo hata samaki wabichi angekula.

Walipokuwa wanaondoa meza, Avigail alilileta lile koti la rangi ya divai. Ubavuni lilikuwa na doa la mafuta lenye umbo la mfuniko, pana, la njano, lisiloweza kufichwa na pini ya mapambo wala ua.

"Shangazi, nitakufulia Jumapili," alisema.

Freha alilipokea, akalitazama lile doa. Kumbe habari za Nahariya zilikuwa zimemfikia. Kijiji ni kidogo. "Jumapili?" akauliza. "Jumapili wewe utakuwepo?"

Nissim alikuwa amesimama nyuma na mrundo wa viti mikononi, ametulia tuli.

Avigail alichukua koti lile mikononi mwa Freha, akalikunja vizuri, doa likiwa ndani.

"Nipo," alisema.